Glenda Hannaford na Pikipiki ya Kujifunzia

Kwa miaka ishirini na sita Glenda Hannaford alikaa kwenye kibanda cha mizani ya malori, pale kwenye maghala ya ngano ya Warrapeel, na kwa muda wote niliofanya naye kazi sikumwona akimwamini mtu. Lori likiingia limejaa, alilipima. Likitoka tupu, alilipima tena, na tofauti ndiyo ngano ya mkulima. Ingekuwa kazi nyepesi kama watu wangekuwa wanyoofu. Lakini yupo dereva anayepimwa akiwa ndani wakati lori limejaa, halafu kwenye kupima tupu anashuka kuvuta sigara, ili mwili wake uhesabiwe ngano. Yupo anayekuja na tanki la maji limejaa na kulifungulia nyuma ya ghala kabla ya kurudi mizanini. Glenda alitoka kibandani, akalizunguka lori, akaligonga tanki kwa vifundo vya vidole, kisha akamwambia dereva bila hasira, "Panda ndani, Col. Kupima ni pamoja na wewe."

Mimi kazi yangu ilikuwa juu ya jukwaa, kuchoma mirija kwenye mzigo na kuchukua sampuli. Kila siku saa nne asubuhi nilishuka, tukanywa chai. Yeye alikuja na thamosi yake, kwa sababu birika la kazini hakujua nani aliliosha.

Asubuhi moja ya Machi, mavuno yameshaisha na malori hayapo, aliweka kadi mezani mbele yangu. Ilikuwa leseni ya kujifunzia pikipiki, na picha ilikuwa yake, amekunja uso.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Unajua kusoma, Trudi."

"Una miaka hamsini na saba."

"Sheria haina umri wa mwisho. Nimeangalia."

Alikuwa ameenda mji wa Horsham siku mbili, Jumamosi na Jumapili, akafanya mafunzo ya mwanzo na mtihani, na hakumwambia mtu. Kila mtu Warrapeel anajua kuhusu Garth Hannaford, kaka yake Glenda. Mwaka 1981, wiki tatu baada ya kutimiza miaka kumi na minane, Garth alitoka barabarani kwenye kona ya mfereji akiwa na pikipiki ya cc 900, akafa, na alikuwa na leseni ya kujifunzia tu. Glenda alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo neno pikipiki halikutajwa nyumbani kwao, na mimi ninayepanda tangu nina miaka ishirini nilikuwa naegesha yangu upande wa pili wa maghala ili asiione.

"Nimekiogopa kitu kimoja miaka arobaini na mitatu," alisema. "Nimechoka nacho. Sasa nataka kununua, na nataka uje nami, maana wewe unazijua. Tunaenda kwa Des Kinnane."

Hapo ndipo nilipoacha chai. Des Kinnane ndiye aliyemuuzia Garth ile pikipiki. Mji mzima ulisema hivyo. Ilisemwa kwamba alimwandikia kijana karatasi ya cc 250, ambazo ndizo zilizoruhusiwa kwa wanaojifunza wakati ule, akamkabidhi mashine ya 900. Karatasi yenyewe hakuna aliyeiona.

"Kuna maduka mengine Horsham, Glenda. Kuna Ararat."

"Najua. Nataka nimwone machoni akiniuzia mimi."

Kwa wiki mbili alijiandaa. Siku hizi sheria ya anayejifunza haitazami cc peke yake. Injini isizidi cc 660, na nguvu ya mashine igawanywe kwa uzito, isizidi kilowati 150 kwa tani. Katika uzito huo wanaongeza kilo tisini za mpandaji na mavazi yake. Glenda aliposoma hapo alicheka peke yake kibandani.

"Angalau kuna mtu serikalini anayejua kwamba dereva naye ana uzito," alisema.

Alichapisha orodha ya pikipiki zinazoruhusiwa, kurasa nyingi, na hakuiamini. Aliketi na kikokotoo akagawa mwenyewe, moja baada ya moja, nyuma ya stakabadhi za mizani zilizoharibika. Siku moja nilizigeuza kutafuta karatasi ya kuandikia. Katikati ya hesabu zote kulikuwa na mstari mmoja usio na jina la mashine: cc 900, kilowati 68, kilo 230 kuongeza 90. Jibu lilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Nilirudisha karatasi kama nilivyoikuta.

Jumamosi tulikwenda. Duka la Kinnane lipo nyuma ya posta, ukumbi wenye sakafu ya saruji na karakana kwa nyuma. Mzee alikuwa peke yake, amevaa ovaroli, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Ana miaka sabini na sita. Alipomwona Glenda alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Glenda."

"Des. Nina leseni ya kujifunzia. Nataka pikipiki."

Hakuuliza kitu. Alitupeleka moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu ya cc 300, karibu na dirisha. Nyepesi, alisema, inavumilia makosa, kiti kiko chini, ukiiangusha unaiinua mwenyewe. Glenda aliikalia. Magoti yakapanda mpaka karibu na mishikio.

"Nina mita moja na themanini na moja," alisema. "Umeniona mdogo wapi?"

"Watu wanaoanza wengi—"

"Imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Akanitazama, na nilijua anachofikiri: anataka kunitupia iliyododa. Akashuka akaanza kuzunguka ukumbi mwenyewe. Kwenye pembe ya karakana ilikuwepo ya kijivu, iliyotumika, ndefu, ya cc 650. Glenda akafungua orodha yake, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hii ipo. Inaruhusiwa. Na inanitosha miguu. Hapa barabara kuu malori ya trela mbili yakikupita yanasukuma upepo, kitu chepesi kitanitupa pembeni. Kwa nini hukunionyesha hii?"

"Hiyo siyo yako," alisema Kinnane.

"Kwa nini?"

"Siyo ya mtu anayejifunza."

"Orodha inasema ni ya mtu anayejifunza."

"Orodha inasema hivyo. Mimi sikuuzii."

Glenda alifunga orodha polepole. Namjua. Ile ndiyo sura aliyokuwa nayo anapogonga tanki. "Trudi, njoo uitazame," alisema.

Niliinama. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye mshikio, nayo ilisema ni toleo la wanaojifunza. Toleo la namna hiyo ni pikipiki kubwa iliyobanwa kiwandani: eksileta haizunguki mpaka mwisho, na kompyuta ya injini imewekewa mpaka, kwa hiyo nguvu inashuka. Kwa macho, ile isiyobanwa ni ileile. Niliushika mkono wa eksileta, injini ikiwa imezimwa, nikazungusha. Ulikwenda, ukaendelea kwenda, mpaka mwisho kabisa. Nikatazama chini ya tanki kwa taa ya simu. Skrubu mbili zilikuwa zinang'aa kati ya skrubu zenye vumbi.

"Imefunguliwa," nikasema. "Mtu ameondoa kizuizi. Hii ni nguvu kamili, Glenda. Ukiigawa utapata mia na sabini na kitu."

"Kwa hiyo unauza mashine yenye karatasi za uongo," Glenda alimwambia Kinnane. Hakupaza sauti. "Mchezo uleule. Miaka arobaini na mitatu, na bado uko nao."

Mzee aliketi kwenye kreti ya betri.

"Sijaifungua mimi," alisema. "Ililetwa na jamaa wa kazi za barabara, akachukua nyingine akaongeza tofauti. Karatasi alikuja nazo. Niligundua nilipoiendesha. Nasubiri vipuri niirudishe ilivyokuwa, au nibadilishe kadi. Mpaka hapo haiuzwi kwa anayejifunza, na wewe ndiye wa mwisho ambaye ningemuuzia."

"Unasema hivyo kwa sababu tumeshaona."

"Nilisema siuzi kabla hujainama."

Hilo lilikuwa kweli, na Glenda alijua ni kweli, na halikumsaidia. Alisimama mbele yake na begi lake la mkononi amelishika kwa mikono miwili. "Na mwaka themanini na moja? Siku hiyo ulikuwa huwezi kukataa?"

Nilitaka kutoka nje, lakini mlango ulikuwa nyuma yao.

"Garth sikumuuzia," alisema Kinnane. "Nilimuuzia Alf."

"Baba yangu alikuwa hapandi pikipiki."

"Najua. Alikuja Alhamisi, peke yake, na leseni yake ya pikipiki aliyoipata jeshini. Ilikuwa bado hai. Akasema anataka ya kwake. Akalipa, akaandikisha jina lake. Karatasi hazikuwa na uongo hata neno moja. Nilijua Alf Hannaford hapandi. Nilijua ana kijana wa miaka kumi na minane. Sikumuuliza. Hilo ndilo nililofanya, Glenda. Sikumuuliza."

"Mbona watu wote—"

"Baada ya maziko alisema kwenye baa kwamba nimemlaghai mwanawe. Mtu amezika mtoto. Ningemwambia nini?"

"Nionyeshe karatasi."

"Karakana ilijaa maji mwaka tisini na tatu. Sina hata karatasi moja ya kabla ya hapo."

Glenda aligeuka akatoka. Ndani ya gari hakuwasha injini kwa muda.

"Maji," alisema. "Maji yanafaa sana. Kila mwenye deni la kusema ukweli ana mafuriko yake."

"Mimi nilimwona kama anasema kweli."

"Wewe kila mtu unamwona hivyo, ndiyo maana wanakupa sampuli za juu juu."

Jumatatu, kwenye chai, alinipa simu yake. Alitaka nimpigie Kinnane, nibadilishe sauti, niseme mimi ni Sharon kutoka Nhill, nina leseni ya kujifunzia, nimeona ile ya kijivu, nataka kuichukua leo na fedha mkononi. Nikamwambia huo ni utoto. Akasema mizani haipimwi kwa maneno. Basi nikapiga, nikabana pua.

"Hiyo haiuzwi kwa anayejifunza," alisema Kinnane. "Njoo kuna nyingine."

"Lakini nalipa taslimu leo," nikasema. "Nani atajua?"

"Mimi. Na kama ni Glenda amekutuma, mwambie bado siuzi."

Glenda alikuwa ameweka sikio karibu, alisikia yote. Alichukua simu akaiweka mfukoni akarudi kibandani bila kumaliza chai. Nadhani angefurahi zaidi kama mzee angekubali. Mtu uliyemshuku maisha yako yote akigoma kukosea, unabaki na shuku yako mkononi, hujui uiweke wapi.

Shuku hiyo aliipeleka nyumbani. Baba yake alifariki mwaka 1998 na makaratasi ya shamba bado yalikuwa kwenye makabati ya chuma kwenye banda. Alf alikuwa mtu wa kutunza. Risiti ya kila kondoo dume, kila tairi la trekta, tangu mwaka 1959, zimetobolewa na kufungwa kwa mwezi. Glenda alipitia jioni tatu. Mwaka 1981 ulikuwa na Juni, na ulikuwa na Agosti. Julai haikuwepo. Garth alitimiza miaka kumi na minane tarehe ishirini Julai.

"Inaweza kuwa imepotea," nilimwambia.

"Miaka thelathini na tisa ya karatasi, na iliyopotea ni Julai peke yake." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kama dereva angeniletea hivyo ningefunga geti."

Jumapili tulienda pamoja kwa mama yake, kwenye nyumba ya wazee nyuma ya hospitali. Aliniomba nije kwa sababu, alisema, akiwa peke yake atasikia anachotaka kusikia. Mavis Hannaford ana miaka themanini na minane na akili yake haijapungua hata kidogo. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza vya chumba cha chakula, kazi aliyojipa mwenyewe kwa sababu wahudumu wanakunja vibaya. Glenda alimwekea kipande cha keki ya nazi, akakaa.

"Mama, pikipiki ya Garth, nani aliinunua?"

Mavis alimaliza kitambaa alichokuwa nacho. Akakilaza juu ya vingine, akavisawazisha pembe.

"Baba yako," alisema. "Mtoto wa akina Schultz alikuwa na ya 750. Baba yako alitaka wa kwake awe na kubwa zaidi."

"Ulijua."

"Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba baada ya hapo. Unadhani alikuwa anaota kuhusu nini?"

"Mbona hukuniambia hata siku moja?"

"Ungemchukia, na ulikuwa unakaa naye. Kinnane hatukai naye." Mavis akavuta kitambaa kingine. "Des alijua hivyo. Alinipungia mkono tu mjini, miaka yote. Mimi sikumpungia."

Glenda hakulia pale. Alikula ile keki aliyomletea mama yake, yote, bila kujua kwamba anaila. Njiani kurudi aliniuliza kama na mimi kuna kitu nimemficha. Nikamwambia kwamba huwa naegesha pikipiki yangu upande wa pili wa maghala. Akasema hilo alilijua tangu wiki ya kwanza.

Siku mbili hakuja kazini. Katika miaka ishirini na sita ilikuwa mara ya kwanza. Siku ya tatu alikuja, akapima kila kitu kama kawaida, na jioni alisema, "Jumamosi twende tena. Usifikiri nimemsamehe. Aliona mtu asiyepanda ananunua mashine ya kumuua kijana, akafunga mdomo. Mimi ningeuliza. Lakini pikipiki nataka, na huyu ninajua tayari makosa yake ni yapi. Wale wa Horsham sijui yao."

Safari hii Kinnane hakumpeleka kwenye ile nyekundu. Alikwenda nyuma akasukuma nyeusi ya cc 400, ya kukalia wima, mishikio mipana, kiti kirefu. Alisema wiki ile hakuifikiria, na alikosea. Ina uzito wa kutosha kwa upepo wa malori, breki zake hazifungi gurudumu kwenye kokoto, na klachi ni laini kwa mkono usiozoea. Glenda alipiga magoti akasoma namba ya chesisi kwa miwani, akailinganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Akazungusha eksileta. Akaniambia na mimi nizungushe. Akatoa kikokotoo: kilowati 33, kilo 195, ongeza tisini. Mia na kumi na tano na nukta. Akagawa tena.

"Uzito huu nani ameupima?" akauliza.

"Kiwanda."

"Hm."

Kwa hiyo pikipiki yake ya kwanza ilipopelekwa kwake juu ya trela langu, tulipitia kazini. Mizani ya malori inahesabu kwa kilo ishirini ishirini, yeye mwenyewe anajua kuliko mtu yeyote. Hata hivyo aliteremsha mashine, akaisimamisha katikati ya lile bamba kubwa la chuma, akaenda kibandani kusoma. Ilisema mia mbili. Alirudi akasema hawajadanganya sana.

Alijifunza polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Alivaa kizibao cha kung'aa, akafunga nyuma kibao cha njano chenye L ya anayejifunza, na kwa wiki tatu za kwanza hakutoka nje ya uwanja wa maghala. Alizunguka nguzo za taa, akasimama, akaanza tena. Kila asubuhi aligusa mnyororo na kutazama matairi kama vile kuna mtu aliyekuja usiku kuyaharibu. Mara moja aliiangusha kwenye kokoto, taratibu, na kabla sijafika alikuwa ameiinua na anatazama chini kutafuta nani aliyemwaga kokoto pale. Wiki ya nne alipanda nami mpaka kona ya mfereji. Hakusimama. Alipunguza, akaipita kwa gia ya tatu, na tulipofika mji unaofuata alishindwa kufungua helmeti, nikamfungulia mimi. Tukala pai za nyama kwenye benchi mbele ya duka la mikate. Alifungua pai yake kwanza kuona kilichomo.

Miezi mitatu ilipopita alifanya mtihani wa leseni kamili Horsham akapita. Aliyempima alimsifia kwa kuangalia nyuma kabla ya kila kitu. Alimjibu kwamba hajawahi kufanya vinginevyo.

Sevisi ya kwanza ilimkuta kabla ya mtihani huo, na pikipiki aliipeleka kwa Kinnane. Nilikuwepo. Alimwambia hataiacha, ataisubiri. Akasimama mlangoni mwa karakana, mikono kifuani, akamtazama mzee akimwaga mafuta machafu, akitoa chujio, akikaza boliti. Kila boliti aliiangalia. Alimwuliza ile imekazwa kwa kiasi gani, na kwa nini, na imeandikwa wapi. Kinnane alimjibu kila swali. Kitabu cha mashine alikiweka wazi juu ya meza ya kazi, upande wake, ili asome mwenyewe. Ilichukua saa moja na nusu badala ya dakika arobaini.

Katikati ya kazi Kinnane aliinuka, akaingia ofisini, akarudi na kiti. Akakiweka mlangoni, pale pale Glenda alipokuwa amesimama, penye mwanga mzuri na panapoonekana injini vizuri zaidi. Glenda alikitazama kiti, akakisukuma kwa mguu kuona kama miguu yake ni imara, kisha akakaa, akaendelea kuangalia.